Hila na Amana

Tarehe 31 Agosti 1987, katika mji wa Williamsport, jimbo la Pennsylvania, mdakaji wa timu ya daraja la chini aitwaye Dave Bresnahan aliingia mchezoni akiwa ameandaa kiazi. Alikimenya na kukichonga mpaka kikapata umbo la mpira wa besiboli. Timu yake, Williamsport Bills, ilikuwa ikicheza na Reading, na msimu ulikuwa umeshawaendea mrama. Hawakuwa na kombe la kugombea. Mkimbiaji wa Reading, Rick Lundblade, alipofika kituo cha tatu, Bresnahan alimwambia mwamuzi kwamba glavu yake imeharibika, akaenda benchi, akarudi na nyingine yenye kiazi ndani. Mrushaji akarusha. Bresnahan akaudaka mpira wa kweli, kisha akakivurumisha kile kiazi kuelekea kituo cha tatu, makusudi kimpite mwenzake. Lundblade aliona kitu cheupe kinapaa kwenda uwanja wa nyuma, akaamini mpira umewaponyoka, akakimbia nyumbani kuchukua pointi. Akamkuta Bresnahan anamsubiri na mpira mkononi.

Kiazi kilipogunduliwa, mwamuzi aliwapa Reading pointi yao. Kocha wa Bresnahan alimtoza faini ya dola 50, na klabu ya Cleveland iliyokuwa na mkataba naye ikamwachisha kazi. Faini ile aliilipa kwa viazi 50. Mwaka uliofuata mji uleule ulimwita tena ukaistaafisha jezi yake namba 59, heshima ambayo kwa kawaida huwekewa magwiji.

Nalipenda tukio hili, na papo hapo naamini mwamuzi aliamua sawasawa. Kwa muda mrefu nimejiuliza mambo haya mawili yanakaaje katika moyo mmoja. Mchezo ule wenyewe umejaa hila kutoka mwanzo hadi mwisho. Mrushaji anainua mguu na kuzungusha mkono kwa namna ileile kila mara, ili mpigaji asijue kama mpira unaokuja ni wa kasi au wa taratibu, unaonyooka au unaokata kona. Mdakaji anampa ishara kwa vidole vilivyofichwa katikati ya mapaja. Mkimbiaji anajifanya amesimama, kumbe anahesabu pumzi za mrushaji ili akachomoke kwenda kituo cha mbele, na akifanikiwa anaandikiwa sifa katika takwimu. Sisi tuliolelewa na kandanda tunalielewa hili bila kufundishwa: chenga ni uongo wa kiuno, na uwanja mzima huinuka kuushangilia. Sasa kiazi kilikosea nini?

Nianze na hila ya zamani iliyo jirani sana na kiazi, ile ya mpira uliofichwa. Mlinzi wa kituo anaupokea mpira, anajifanya amemrudishia mrushaji, kumbe ameuacha ndani ya glavu yake. Anasimama kando ya mkimbiaji kana kwamba hakuna kitu. Mkimbiaji akinyanyua mguu kutoka kituoni ili ajiandae kukimbia, mlinzi anamgusa kwa mpira na mkimbiaji ametolewa. Mwaka 1907, katika fainali za Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, Bill Coughlin wa Detroit alimnasa hivyo Jimmy Slagle wa Chicago. Mwaka 1994 Matt Williams wa San Francisco aliitumia kumnasa mchezaji wa Los Angeles. Mike Lowell, mlinzi wa kituo cha tatu wa Florida, aliitumia mwaka 2004 dhidi ya Montreal na tena mwaka 2005 dhidi ya Arizona, na hakuna aliyemwona kuwa mtu mbaya. Wapinzani walikasirika, lakini walijikasirikia wenyewe.

Sababu yake iko ndani ya sheria. Mrushaji haruhusiwi kusimama juu ya kile kibao chake cha kurushia akiwa hana mpira. Akifanya hivyo ni kosa, na wakimbiaji wote wanasogezwa mbele kituo kimoja. Kwa hiyo mkimbiaji aliye makini ana njia ya kujinusuru. Macho yake yakiona mrushaji anazungukazunguka, anapangusa mikono, anaongea na wenziwe, ila hapandi kwenye kibao, basi ajue mpira bado uko mahali fulani, na abaki na mguu juu ya kituo. Hila inamtaka awe macho, na ukweli ameachiwa mbele yake auone. Anayenaswa amenaswa kwa uzembe wake.

Lundblade hakuachiwa ukweli wowote. Alitazama kwa makini kama mkimbiaji anavyotakiwa, akaona kitu cha duara kinatoka mkononi mwa mdakaji. Hakuna umakini duniani ambao ungemwonyesha kuwa ni kiazi. Ili asidanganyike ingembidi aache kuamini kwamba mpira ni mpira, na mtu asiyeamini hilo hawezi kucheza kabisa. Bresnahan hakumshinda Lundblade katika mchezo. Alibadilisha kitu ambacho wote wawili walikuwa wamekiegemea. Ndiyo maana nasema mwamuzi alikuwa sahihi, hata kama naelewa kwa nini watu wa Williamsport walimpenda kijana wao. Hakuficha alichofanya, hakukitafutia visingizio, na alikilipia kwa kazi yake.

Waliotunga sheria za mchezo huu walilifikiria jambo hili mapema kuliko mimi. Katika miaka ya 1890 walinzi walikuwa wamegundua ukatili mdogo. Wakimbiaji wako kituo cha kwanza na cha pili, mpigaji anapiga mpira unaopaa juu na kuanguka karibu, mpira rahisi ambao mtoto angeudaka. Mlinzi anauacha udondoke makusudi. Wakimbiaji waliobaki vituoni, kwa kuamini utadakwa, sasa wanalazimika kukimbia wakiwa wamechelewa, na wawili wanatolewa kwa mpigo. Wangekimbia mapema, mlinzi angeudaka na kuwatoa pia. Wakibaki wanaumia, wakienda wanaumia. Sheria ikaja: mpira wa namna hiyo ukipaa, mwamuzi anainua mkono na kutangaza mpigaji ametoka papo hapo, udakwe usidakwe, na mtego unafutika. Mpaka leo ni moja ya sheria zinazowachanganya wageni wa mchezo, nami naiona kuwa miongoni mwa sheria zenye hekima kubwa katika michezo yote. Inakubali ujanja, lakini inakataa ujanja usiomwachia mwenzako uamuzi wowote ulio sahihi.

Mfano mkubwa kuliko yote wa hila halali ulitokea tarehe 27 Oktoba 1991, Minneapolis, katika mechi ya saba na ya mwisho ya fainali kati ya Minnesota na Atlanta. Zamu ya nane, hakuna aliyepata pointi. Jack Morris alikuwa ameshika kijilima cha mrushaji tangu mwanzo na hakutaka kushuka. Lonnie Smith wa Atlanta alikuwa kituo cha kwanza. Terry Pendleton akaupiga mpira mrefu kuelekea ukuta wa nyuma, na Smith, aliyekuwa amekwisha kuchomoka, alipaswa kuzunguka vituo vyote mpaka nyumbani. Hiyo ingekuwa pointi moja katika mechi ambayo pointi moja ilikuwa ubingwa.

Chuck Knoblauch, mlinzi wa kituo cha pili, alikuwa katika mwaka wake wa kwanza wa Ligi Kuu. Mpira ulikuwa mbali naye, hana habari nao. Akainama kana kwamba unamjia chini kwa chini, akajifanya ameuokota, akajifanya anamrushia mwenzake Greg Gagne, naye Gagne akakimbilia kituoni kuupokea mpira ambao haukuwepo. Wawili wale waliigiza mchezo mzima mbele ya macho ya Smith. Smith akasita, akasimama baada ya kituo cha pili akitafuta mpira uko wapi, na alipouona ameshapoteza muda. Aliishia kituo cha tatu. Atlanta walikuwa na watu kituo cha pili na cha tatu bila hata mmoja kutolewa, na bado hawakupata pointi. Minnesota walishinda 1-0 katika zamu ya kumi, Morris akiwa amerusha zamu zote kumi.

Smith mwenyewe amesema baadaye kwamba Knoblauch hakumdanganya; aliupoteza mpira kwa macho tu. Namwamini, kwa kuwa hana sababu ya kutoaminiwa, lakini kwa hoja yangu haibadilishi kitu. Ukweli ulikuwa unapaa juu ya kichwa chake. Alikuwa na kocha wake kituo cha tatu, ambaye kazi yake ni kumwelekeza. Alikuwa na nafasi ya kugeuza shingo mara moja anapokimbia, kama wakimbiaji wanavyofundishwa tangu utotoni. Kila nikiirudia picha ile nashikwa na furaha ya kumwona kijana ambaye mpira umempita, hana la kufanya, akabaki na mwili wake tu, naye akautumia.

Kisha kuna tarehe 30 Mei 2007, Toronto. Hapa furaha yangu inakwisha. Timu ya New York Yankees ilikuwa mbele katika zamu ya mwisho. Jorge Posada akapiga mpira ukapaa juu karibu na kituo cha tatu, na Howie Clark wa Toronto akasimama chini yake, uso umeelekea mbinguni, mikono tayari. Alex Rodriguez, mkimbiaji wa Yankees na mchezaji aliyelipwa kuliko wote, alipita nyuma ya Clark na kupiga ukelele. Clark akadhani ni mwenzake John McDonald anauita mpira. Akarudi nyuma kumpisha. Mpira ukaanguka katikati yao, pointi ikaingia, na Yankees wakashinda 10-5. Rodriguez alisema alitamka neno lisilo na maana. Kocha wa Toronto, John Gibbons, alikuwa mkali, na aliona kuwa mchezaji wa hadhi ile hapaswi kufanya jambo kama hilo.

Wapo waliomtetea, na hoja yao si ya kupuuzwa. Hakuna sheria iliyoandikwa inayomkataza mkimbiaji kupiga kelele. Clark alikuwa na masikio, angeweza kuitambua sauti ya mwenzake. Tofauti yake na Knoblauch ni nini, ikiwa mmoja alidanganya macho na mwingine alidanganya masikio?

Jibu langu liko San Diego, tarehe 11 Agosti 2005. Mpira ulipigwa katikati ya Mike Cameron na Carlos Beltrán wa New York Mets. Wote wawili walikuwa mahodari wa kulinda uwanja wa nyuma. Walikimbia kwa kasi yote, macho juu, wakajirusha kwa pamoja, na nyuso zao zikagongana hewani. Cameron alivunjika pua na mifupa ya mashavu, na msimu wake ukaishia pale. Beltrán naye alivunjika mfupa wa uso. Mtu anayefuata mpira angani haoni ardhi wala aliye pembeni yake. Kitu pekee kinachomlinda ni mwenzake kusema kwa sauti kwamba mpira ni wake, na yeye kuitii sauti hiyo bila kufikiri. Asipotii, anaweza kubebwa kwa machela.

Ndiyo maana Clark alirudi nyuma. Wala hakuwa mzembe: alifanya kile kinachowaweka wachezaji hai, na Rodriguez akaugeuza utii huo kuwa pointi. Madhara yake hayaishii kwenye pointi ile, maana mlinzi aliyedanganywa hivyo mara moja, safari nyingine atasita kuisikiliza sauti, na kusita huko ni kwa nusu sekunde, na nusu sekunde ndiyo iliyowagonganisha Cameron na Beltrán. Sauti ya mchezaji anayeuita mpira ni amana ya watu wote waliomo uwanjani, wa timu zote mbili. Huwezi kuichukua kwa faida yako bila kumpunguzia kila mtu usalama wake.

Derek Jeter ananitatiza zaidi, kwa kuwa Marekani nzima ilimheshimu na mimi pia. Tarehe 15 Septemba 2010, ugenini kwa Tampa Bay, mpira wa Chad Qualls uligonga kitako cha gongo lake. Jeter akaruka, akashika mkono, akajikunja kwa maumivu, na mganga wa timu akaja kumwangalia. Mwamuzi akaamini mpira umempiga mwilini, akampa kituo cha kwanza bure. Joe Maddon, kocha wa Tampa Bay, alilalamika mpaka akatolewa mchezoni, na mpigaji aliyefuata, Curtis Granderson, akautoa mpira nje ya uwanja. Tampa Bay walishinda 4-3 hata hivyo. Baadaye Maddon alimsifu Jeter, akasema angependa wachezaji wake wafanye vilevile.

Maddon ni mtu mwenye akili ya mchezo, lakini hapa siendi naye. Nafahamu kwamba wadakaji wote wanamchezea mwamuzi kila siku: wanaupokea mpira uliotoka nje kidogo na kuuvuta ndani kwa kiganja laini ili uonekane umepita mahali pake, na José Molina alijenga jina kwa ustadi huo. Huo naukubali, kwa sababu mwamuzi anajua unafanyika, amesimama nyuma ya mdakaji, na mpira ameuona mwenyewe kabla glavu haijaugusa. Jeter alifanya jingine. Alitoa ushahidi wa maumivu. Mganga aliacha benchi akakimbia kuuguza mkono usiouma. Mchezaji anaposhika mkono na kujikunja, tunataka watu wote waamini mara moja na wakimbie, bila kusimama kwanza wakajiuliza kama ni mchezo wa kuigiza. Timu zinarusha mpira mgumu kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa kuelekea kwa binadamu mwenzao. Mahali kama hapo kilio cha maumivu hakipaswi kuwa mbinu.

Kuhusu Houston Astros wa mwaka 2017 nitasema kwa ufupi, kwa sababu pale hakuna utata. Kusoma ishara za mdakaji kwa macho yako ukiwa kituo cha pili ni ujuzi wa siku zote, na mdakaji anajikinga kwa kuzibadilisha. Astros waliweka kamera iliyopeleka picha kwenye skrini karibu na benchi lao, na mtu akagonga pipa la taka kumjulisha mpigaji mpira gani unakuja. Walitwaa ubingwa mwaka ule. Mrushaji wao wa zamani, Mike Fiers, alilisema hadharani Novemba 2019, na Januari 2020 klabu ikatozwa faini ya dola milioni 5, ikanyang'anywa nafasi za kusajili vijana, kocha na meneja mkuu wakafungiwa mwaka mmoja. Wachezaji hawakuadhibiwa. Aliyetajwa kwa jina katika ripoti ni mmoja tu, naye ni Carlos Beltrán, yuleyule wa ajali ya San Diego.

Ninayemkumbuka mimi ni Mike Bolsinger. Tarehe 4 Agosti 2017 aliingia kurusha kwa ajili ya Toronto kule Houston, akamtoa mtu mmoja tu na kufungwa pointi nne. Timu yake ilimshusha daraja, na hakurusha tena katika Ligi Kuu. Mrushaji wa namna yake hana jina kubwa la kumlinda. Siku moja mbaya inatosha kumwondoa. Tunapozungumzia udanganyifu huwa tunazungumzia heshima ya mchezo, kombe, historia, na mtu kama yeye tunamsahau.

Williamsport ina habari nyingine pia. Ng'ambo ya mto kuna uwanja ambako kila Agosti watoto kutoka duniani kote hucheza fainali za Little League. Mwaka 2001 mvulana wa Bronx aliwashangaza watu pale kwa mkono wake, mpaka ikajulikana ana miaka 14 katika mashindano ambayo mwisho ni 12. Hati yake ya kuzaliwa ilikuwa imeghushiwa na watu wazima. Ushindi wa timu ukafutwa, na mtoto ndiye aliyebeba aibu.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2011, watoto wa Uganda waliipata nafasi ya kwenda huko kwa kushinda uwanjani, wakanyimwa viza za Marekani kwa sababu ya kasoro katika stakabadhi za umri. Tuliozaliwa upande huu wa dunia tunajua karatasi hizo zilivyo: watoto wangapi wamezaliwa nyumbani, tarehe ikakumbukwa kwa msimu wa mvua au kwa msiba wa jirani, na hati ikatafutwa siku inapohitajika shuleni. Hati ya umri nayo ni amana, na kila anayeighushi anaifanya nzito zaidi kwa mtoto wa mbali asiyemjua.

Timu iliyokuwa icheze nao mechi ya kwanza ilitoka Langley, Kanada. Watoto wale walikuwa na mechi nyingine za kucheza na maisha ya kuendelea nayo. Januari 2012 walisafiri mpaka Uganda, wakacheza ile mechi. Agosti ya mwaka huohuo timu ya Lugazi, Uganda, ikafika Pennsylvania, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali zile, na ikaifunga timu ya Oregon 3-2.

Kocha wa watoto wa Lugazi au wa shule yoyote ya Dar es Salaam akiniuliza leo awafundishe nini, nitamwambia awafundishe hila ya mpira uliofichwa, na awafundishe mapema, ili anayeuficha na anayefichiwa wote wajifunze kuangalia kibao cha mrushaji. Awafundishe walinzi kuigiza kama Knoblauch na Gagne, ila wasijifanye wanamgusa mkimbiaji kwa mpira wasiokuwa nao. Mashuleni Marekani hilo ni kosa, kwa maana linamfanya mtu ateleze bure na kuumia mguu. Mpira ukipaa, mwenye nafasi auite kwa sauti kubwa, na wengine wote wampishe. Na mkimbiaji wa timu pinzani anayepita nyuma ya mtoto anayetazama juu, apite kimya.